Kabete, Juja ama Njoro? Kwa wenye wanataka kusomea kilimo na nyumbani ni Nairobi

KUCCPS, wale wenye hupanga wanafunzi vyuoni, wakifungua tovuti tu, watu wa kilimo wanaanza kupigiwa simu. Mzazi yuko Umoja ama Kawangware, mtoto amepita vizuri, anataka agribiznesi ama sayansi ya chakula ama udaktari wa mifugo, shida imebaki moja: aende Chuo Kikuu cha Nairobi pale Upper Kabete, aende Jomo Kenyatta (JKUAT) huko Juja, ama afunge sanduku aende Egerton kule Njoro. Na majibu anayopewa huwa ya kishabiki. Mwenye alisoma Egerton atamwambia kilimo ni Egerton, hizo zingine wanacheza. Wa Kabete atamwambia vet inasomewa Kabete, kwisha. Wa Juja ataanza na yogati ya chuo, na ni kweli ni tamu.

Mimi sitakuchagulia. Nitaziweka zote tatu kwa vigezo sawa alafu uamue mwenyewe, na kama chuo yako haiko hapa (Chuka, Eldoret, Embu, Kenyatta na wengine wote) usinune, ni vile hizi tatu ndo watu wa Nairobi huniuliza sana.

Kitu moja kabla tuanze. Silabasi hazitofautiani venye watu hufikiria. Chukua notsi za udongo za mwaka wa pili za hizi vyuo tatu uzichanganye, hutajua ya nani ni gani, nitrojeni ni ile ile, viwavi ni wale wale. Hata ile mambo ya kusema kilimo ni kozi ya wenye walikosa zingine iko kote tatu, utaisikia kwa harusi na kwa matanga, zoea. Chenye kinabadilika ni kilicho nje ya geti: udongo gani, majirani gani, kampuni gani, na unaweza rudi kwenu kula lini. So vigezo vyangu ni hivi: kufika na pa kulala, kozi zenye chuo inajulikana nazo, shamba, majirani wa kukupa atachi na baadaye kazi, njia za kutoka nje ya nchi, pesa, na maisha ya kawaida ya komredi, yaani mwanafunzi. Karo sitaigusa sana, nitakuambia kwa nini huko chini.

Kufika na pa kulala

Kabete kwanza, na hapa usichanganyikiwe. Upper Kabete si Lower Kabete, Lower ni ya mambo ya biashara, na kuna Kabete National Polytechnic hapo Waiyaki Way, kila mwaka kuna mtu anashuka matatu na sanduku mahali si pake. Upper Kabete iko huko juu upande wa Loresho na Uthiru, unapanda za Kangemi na Uthiru ama zile za Wangige, unamalizia na boda ama miguu. Kama kwenu ni Kinoo, Kikuyu, Kangemi, unaweza soma ukilala nyumbani na ukale chakula ya mama miaka yote minne. Kama kwenu ni Kayole ama Embakasi hiyo sahau, ni kuvuka mji mzima asubuhi na jioni, mwenye ana maabara ya saa mbili ataamka saa kumi na bado achelewe. Hosteli za ndani ziko lakini hazitoshi kila mtu, so wengi huishia Uthiru, Kangemi, Kinoo ama Wangige. Na mtu wa vet asikimbie kulipa nyumba Uthiru kabla aone taimtebo, ju masomo ya anatomia huwa Chiromo, karibu na Westlands.

JKUAT iko Juja, kama kilomita 36 kutoka tauni kwa Thika Road. Tangu barabara kubwa ikamilike 2012 mtu wa Kasarani, Githurai ama Ruiru anaweza enda na kurudi, na raha yake ni kwamba asubuhi jam yote inakuja tauni na wewe unaelekea upande ule mwingine. Juja yenyewe ni mji wa wanafunzi kabisa, bedsita kila kona, Gachororo inajengwa kila siku, chaguo ni nyingi kuliko Kabete na bei ziko za kila mfuko. Uliza maji kabla ulipe depositi. Usiulize keyateka peke yake, uliza mwenye anaishi hapo.

Egerton ni safari. Nairobi mpaka Nakuru ni kama kilomita 160, alafu unabadilisha gari Nakuru uende Njoro, hizo ni kilomita zingine ishirini na kitu. Hautarudi nyumbani kila wikendi, utarudi likizo, na wakati wa matanga. Wengi wasiopata hosteli hukaa Njokerio, nje tu ya chuo, na kodi huko iko chini ukilinganisha na pande za Kabete. Chenye watoto wa Nairobi hawaambiwi ni baridi. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Julai huko si mchezo, beba jaketi ya ukweli na blanketi mbili, hizo hudi za Gikomba za kuonekana smati haziwezi.

Kozi zenye kila chuo inajulikana nazo

Zote tatu zina kilimo cha kawaida, uchumi wa kilimo ama agribiznesi, sayansi ya chakula, mambo ya bustani. Hapo usipoteze usingizi.

Kabete jina lake kubwa ni vet. Kwa miaka mingi ilikuwa shule pekee ya madaktari wa mifugo Kenya, ni kozi ya miaka 5, na ukimaliza lazima usajiliwe na Bodi ya Mifugo ya Kenya ndo uguse ng'ombe wa mtu kama daktari. Kitivo cha kilimo kilianza 1970. Kuna pia kozi za malisho na nyanda kame, na lishe, na hapo hapo kampasi kuna taasisi yenye jina la Wangari Maathai ya amani na mazingira, mwenye anapenda miti na siasa ya ardhi atapata watu wake.

JKUAT ilianza 1981 kwa msaada wa Japani, ikiwa chuo cha kilimo na teknolojia, ikawa chuo kikuu kamili 1994. Hiyo damu ya Kijapani bado iko, mambo ni ya mashine na usindikaji, sayansi ya chakula na teknolojia, bustani, na uhandisi wa kilimo na mifumo ya kibayolojia ambao ni miaka 5. Mtu anayeona nyanya akafikiria sosi, hapo ni kwao. Wanauza yogati, wanauza miche ya ndizi ya tishu kalcha, na mwanafunzi anaona kitu ikitoka maabara mpaka kwa friji ya duka, si ati anasoma tu kwa slaidi.

Egerton ndo mzee wao wote. Ilianzishwa 1939 na Lord Maurice Egerton kama shule ya shamba, ikawa chuo cha kilimo 1950, na chuo kikuu kamili 1987. Kama kuna kitu moja Egerton inajulikana nayo mashambani ni elimu ya kilimo na ugani, yaani walimu wa kilimo na maafisa wa ugani. Nenda kaunti yoyote uulize afisa wa kilimo wa wadi alisoma wapi, jina la Njoro haliwezi kosa. Wana mambo ya maziwa pia, uhandisi wa kilimo, maliasili, na vet wako nayo siku hizi, so ule wimbo wa ati vet ni Kabete tu umepitwa.

Kwa wenye wanafikiria ualimu, kilimo saa hii kinafunzwa mpaka junia sekondari chini ya mtaala wa CBC (siku hizi wanauita CBE), so hiyo njia haijakauka. TSC, ile tume ya kuajiri walimu, nayo ina foleni yake, hiyo sikufichi.

Shamba lenyewe

Hii watu hawaulizi na mimi ningeiuliza mapema. Utasomea udongo gani?

Kabete ni ule udongo mwekundu wa Kiambu, mzito, unashika maji, kila kitu kinamea, kahawa, mboga, nepia, mahindi. Shamba la chuo liko na linatumika kwa majaribio ya wanafunzi na watafiti. Lakini mji umekuja mpaka ukutani, ploti na apatimenti kila upande, na nje ya geti wakulima wengi unaowaona ni wa nusu eka, ng'ombe wa zero greizing na kuku wa mayai. Hiyo si mbaya, kama unataka kuelewa kilimo cha karibu na mji na ile chakula inalisha Nairobi, hapo ndo darasa.

Juja kuna joto na ukame kidogo, sehemu nyingi ni ule udongo mweusi wa kushikilia gambuti mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Mkulima wa kawaida ataona mkosi, lakini kwa mwanafunzi kuna faida yake, ju huko lazima ujue umwagiliaji, drip, grinihausi, matangi. Mtu wa Juja akipelekwa Kajiado ama Makueni haogopi, ashazoea kutafutia mmea maji.

Njoro sasa ni shamba la ukweli. Udongo wa volkano, mvua, na ardhi ya chuo ni kubwa. Nje ya geti kuna ngano, viazi, mahindi, minji, maziwa, ukienda kidogo upande wa Molo na Mau Narok ni viazi mpaka macho ichoke. Utaona kombaini ikivuna, kitu mtoto wa Eastlands pengine ameona kwa TV pekee. Hapo Njoro kuna pia kituo cha ngano cha KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, na ni kituo cha dunia nzima hicho, ju kutu ya shina ya ngano ile inaitwa Ug99, yenye iligunduliwa Uganda mwisho wa miaka ya 90, ndo hupimwa hapo. Nchi mingi zinatuma mbegu zao Njoro zipandwe zionekane kama zitahimili. Jirani kama huyo huwezi mpuuza.

Majirani, atachi na kazi

Atachi ni ile miezi miwili mitatu ya kwenda kazini, mara nyingi likizo ndefu ya mwaka wa tatu, unajaza logibuku, msimamizi anakuja kukuona mara moja kama uko na bahati. Watu huichukulia kama kitu ya kupata saini na hapo ndo wengi hupoteza kazi yao ya kwanza, ju mwenye alikuona ukifagia maabara bila kununa ndo atakupigia simu miaka miwili baadaye. Na chuo haikutafutii, unatafuta mwenyewe, so nani yuko karibu na wewe ni maneno kubwa.

Kabete wako na majirani wenye hakuna mwingine anao. ILRI iko hapo Uthiru kwa Naivasha Road, taasisi ya kimataifa ya mifugo, na wana ranchi yao Kapiti huko Machakos ya hekta kama 13,000. Makao makuu ya KALRO iko Loresho, ile KALRO ya Kabete iko Waiyaki Way, maabara ya mifugo ya serikali iko hapo Kabete, Muguga haiko mbali na kuna KALRO na KEFRI ya utafiti wa misitu. Ukiongeza Gigiri, kuna ICRAF ya kilimo-misitu na CIMMYT ya mahindi na ngano kwa hiyo kampasi. Kama unataka utafiti, masters, PhD, jina lako kwa makala ya kisayansi, sidhani kuna kona ingine Afrika Mashariki imejaa hivi. Kuna lakini hapo. Hizi taasisi za kimataifa nafasi zao zinagombaniwa na watu wa kila mahali, mpaka wa kutoka nje ya nchi, kuishi karibu na ukuta wao si tiketi. Kinachosaidia ni kwamba lekchara wako pengine ana mradi na wao, so mwanafunzi anayebaki baada ya darasa kuuliza maswali anabebwa, na anayetoroka na matatu ya saa tisa habebwi.

Juja majirani ni kampuni. Brookside ya maziwa iko Ruiru, Del Monte na mananasi yake iko Thika, Bidco Thika, ukisonga mbele Makuyu kuna Kakuzi na avokado na makadamia. Za utafiti pia ziko, kahawa Ruiru na kituo cha bustani cha KALRO Thika. Na icipe, ile ya wadudu, iko Kasarani kwa hiyo hiyo Thika Road, so mtu wa Juja anaifikia rahisi kuliko wa Kabete, kitu watu wa Kabete hupenda kusahau ju mwenye aliianzisha 1970, profesa Thomas Odhiambo, ndo pia alikuwa mkuu wa kwanza wa kitivo chao cha kilimo. Kazi za Juja kwa hivyo zinaelekea kiwandani: ubora wa bidhaa, uzalishaji, mauzo, dawa na mbegu. Unaingia na overoli nyeupe na neti ya nywele, si gambuti. Kampuni zinapenda mtu anaelewa mashine na makaratasi ya KEBS, wale wa viwango vya bidhaa, lakini pia ni wepesi wa kukuweka kwa kandarasi ya miezi 3, miezi 3, miezi 3.

Njoro majirani ni wakulima wenyewe, na hao ni wengi. Vyama vya ushirika vya maziwa, mashamba makubwa ya ngano na mbegu, KALRO za Njoro, Lanet na Naivasha, mashamba ya maua ya Naivasha, serikali ya kaunti ya Nakuru. Mtu wa Egerton anatoka akiwa amebonga na wakulima halisi, wenye wanakuuliza swali moja ngumu, "hii itaniongezea gunia ngapi?" Hiyo skili huwezi soma kwa maabara, na mashirika ya misaada na kaunti huitafuta. Na usifikirie Egerton imetengwa na Nairobi, Taasisi ya Tegemeo, yenye hufanya utafiti wa sera za kilimo na serikali huisikiza, ni ya Egerton na ofisi zake ziko hapa hapa Nairobi. Shida ya Njoro ni wewe kama unataka atachi Nairobi: utalipa nauli kupeleka barua, na barua zinataka kufuatwa.

Njia za kutoka nje

Watu huniuliza hii kwa sauti ya chini kama ni siri. Si siri. Kuna programu za mafunzo ya kazi shambani nje ya nchi, za Israeli za karibu mwaka mmoja, na za Marekani kama ile ya MAST ya Chuo Kikuu cha Minnesota na ile ya Ohio, unafanya kazi shamba la ng'ombe ama bustani, unalipwa, unarudi umeona. Wanafunzi wa vyuo hizi vyote wameenda. Ya Israeli tangu vita ya 2023 familia nyingi zimeifikiria mara mbili, na ni haki yao. Lakini elewa ni kazi ya mikono, kuamka saa tisa ya usiku kukama, si kukaa darasani, na wengine hurudi wamekasirika ju waliambiwa vingine. Ukiambiwa na mtu wa kando ati lipa kitu fulani kwa M-Pesa nafasi ishike, kimbia, enda ofisi ya chuo ya ushirikiano wa kimataifa uulize hiyo programu wanaijua ama hawaijui.

Ya masomo: JKUAT ndo mwenyeji wa taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika, PAUSTI, ya masters na PhD, so kampasi ina watu wa nchi nyingi za Afrika na unajifunza Kifaransa kidogo kwa foleni ya mesi. Egerton ilichaguliwa pamoja na Gulu ya Uganda kwa mradi wa TAGDev wa RUFORUM (mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika vya kilimo) na Mastercard Foundation, na wana CESAAM, kituo cha umahiri cha kilimo endelevu na agribiznesi kilichoanza na pesa ya Benki ya Dunia. Kabete wana hao ILRI na wenzake wenye huchukua wanafunzi wa masters na PhD kufanyia utafiti kwao. Skolashipu nyingi hata hivyo hazifungiwi chuo moja, mtu wa Njoro anaweza omba ya Nairobi na kinyume chake.

Pesa na hasla

Nilisema karo sitaigusa. Ni ju mfumo ulibadilishwa 2023, ukagawanywa kuwa skolashipu, mkopo na mchango wa familia kulingana na bendi, ukapelekwa kortini, na yenye nitaandika leo inaweza kuwa uongo ukisoma. Angalia HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na KUCCPS ya mwaka wako, na angalia kozi kwa kozi ju vet si bei moja na agribiznesi.

Ya kuishi naweza kukuambia. Kabete inakula pesa kwa nauli na nyumba, lakini kama unalala nyumbani hizo zote zinaisha na ghafla inakuwa rahisi kuliko zote. Juja iko katikati, chakula ya vibanda iko kila hatua, chapo madondo, smocha, na ushindani unashikilia bei chini. Njoro kodi na chakula ni rahisi, viazi na maziwa ndo usiseme, ila nauli ya kufungua na kufunga chuo inauma na hakuna kukimbia nyumbani kubeba unga.

Hasla sasa. Hapa watu wa kilimo wako na bahati kuliko wa sheria. Njoro unaweza kodi kipande cha shamba na wenzako mpande viazi ama minji, soko iko, na mkipata hasara ni somo lenye hakuna lekchara angewapa. Juja wanafunzi huuza chakula na nguo zaidi, lakini uyoga na miche zinaingia vizuri ju mji uko na watu wanapenda vitu mpya. Kabete una Wangige, soko la mayai lenye linajulikana Nairobi nzima, na Kangemi ya mboga, so mwenye ana kichwa ya biashara anaweza nunua huku auze mitaani kwao Jumamosi bila hata kulima. Agrovet pia huchukua wanafunzi wa vet na kilimo wikendi, enda na adabu ujitambulishe, "shikamoo mzee, mimi ni mwanafunzi wa Kabete", nusu ya kazi imeisha.

Maisha ya komredi

Haraka haraka. Raga: Kabete ni sehemu ya chuo yenye Mean Machine, Egerton wana Wasps, JKUAT wana Cougars, na mechi zao zinafaa kuonwa. Siasa za wanafunzi ziko kote na zina kelele. Kabete ni tulivu, kijani, watu wa tauni hukudharau kidogo na unakosa zile shughuli za kampasi kuu mpaka upande matatu. Juja ni kelele usiku kucha, kama unasoma na masikio wazi tafuta nyumba mbali na barabara. Njoro mnajuana wote, marafiki wa Egerton hukaa marafiki maisha, nadhani ni ju hakuna pa kwenda, na jumba la Lord Egerton huko Ngata mtaenda kupiga picha mpaka mchoke. Shoo ya kilimo ya ASK Nakuru ni karibu kwao, ya Jamhuri ni karibu kwa hao wengine wawili, zote uende na uongee na wenye stendi badala ya kukusanya brosha. Mgomo wa malekchara ukikuja, kama ule wa 2025, hauchagui, ni vyuo vya umma vyote, so usiingie chuo moja ukidhani umeukwepa.

Sasa angalia wewe uko wapi

Kama unataka maabara, utafiti na kusoma mpaka masters na zaidi, na kwenu ni upande wa Waiyaki Way, Kabete inakufaa. Kama ni hiyo hiyo ndoto lakini kwenu ni Kayole, piga hesabu ya nyumba kwanza alafu ulinganishe na Egerton, ju skolashipu za masters utaziomba kutoka popote.

Kama kichwa yako ni ya kiwanda, mashine, kuongeza thamani, ama unataka kuanzisha brandi yako ya sosi, Juja. Pia kama hutaki kuachana na Nairobi kabisa lakini hutaki kulala chumba kimoja na kaka zako watatu, Juja iko mbali ya kutosha.

Kama unataka kulima mwenyewe siku moja, ama kuwa afisa wa ugani, ama mwalimu wa kilimo, Njoro itakupa miaka minne na wakulima. Na kama wewe ni mtu wa kupotezwa na starehe za mji, mzazi wako tayari anajua jibu na hajakuambia.

Kama ni vet, weka Kabete na Egerton zote kwa chaguo, usiweke moja ukisubiri muujiza, na usiangalie mwaka uliopita ati pointi zilikuwa ngapi ukidhani zitabaki hapo.

Kama kwenu mna shamba ushago, angalia liko wapi. La Machakos ama Kitui, Juja itakufunza vitu vya kulitumia. La Nyandarua, Bomet ama Uasin Gishu, Njoro inafanana nalo zaidi. La Kiambu ama Murang'a, udongo wa Kabete utaujua ukifumba macho.

Kama mzazi na mtoto hawaelewani, mpande gari muende kuona, Kabete na Juja zinaisha siku moja, Njoro mpange yake. Ingieni mpaka shambani na kwa maabara, uliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu alifanya atachi wapi na aliipata aje. Majibu ya watu watano wa mwaka wa tatu yanashinda brosha.

Na kama hukufikisha C+ ya kuingia digrii, hujafungiwa nje. AHITI Kabete ina kozi za afya ya mifugo, Bukura kule Kakamega ina dipu (diploma) za kilimo, na vyuo vikuu pia huwa na dipu. Wengi wamepanda kutoka hapo mpaka digrii. Kabla ulipe hata shilingi, piga simu chuo chenye unataka kuingia baadaye, uulize kama hiyo dipu wanaitambua, wanataka upite nayo kwa kiwango gani, na watakuingiza mwaka wa kwanza ama wa pili.